Feni za Wageni

Tarehe 9 Februari

Kwako mpwa wangu Kasuku,

Barua yako ilifika juzi ikiwa imelowa pembe moja, lakini maneno yote yalikuwa salama, na sisi tuko salama vilevile. Goti la mama yako limetulia. Binamu yako fundi cherehani, tumbo linamtangulia mlangoni siku hizi. Yeye anasema atajifungua mwezi wa nne, mama yako anasema wa tatu, na wanabishana kutwa kana kwamba mtoto anawasikiliza.

Unauliza kwa nini sipigi simu. Masikio yangu yameliwa na mashine, mwanangu. Mtu akinisemesha kwenye simu naitikia ndiyo kwa kila kitu, na siku moja nitajikuta nimeuza nyumba bila kujua. Karatasi hainizomei nikirudia kusoma mara mbili.

Sasa nikuulize jambo. Wewe na mimi tunakula kwa mwajiri mmoja, ajabu ni kwamba hatujawahi kuzungumzia kazi. Wewe uko kwao, makao makuu, unawatafsiria barua zao. Mimi niko huku kwenye kiwanda chao cha buti, chumba cha gundi, mwaka wa kumi na tisa sasa, msimamizi wa watu thelathini na mmoja. Katika miaka yote hiyo hakuna mtu wa huko aliyewahi kuuliza tunapumuaje. Mwezi uliopita wameleta mabango. Yana picha ya mwanamume aliyevaa barakoa, na ingawa mdomo hauonekani, macho yake yanacheka. Maandishi ni ya lugha yao, hakuna anayeyasoma. Barakoa zenyewe hazijaja. Tumebaki tunamtazama yule bwana anavyofurahia yake.

Juzi tumeambiwa tena kwamba fomu zinakuja, maswali hamsini kwa kila mfanyakazi. Huko kwenu kumetokea nini? Nani kawachokoza?

Mjomba wako

*

Tarehe 3 Machi

Mjomba, shikamoo.

Nimecheka peke yangu kwenye ngazi mpaka jirani akafungua mlango. Mwambie mama namuunga mkono, mwezi wa tatu. Mimi ni mzima, chumba changu kina joto la kutosha, na nimenunua sufuria ya pili, kwa hiyo nahesabika kuwa tajiri.

Waliochokozwa ni wengi. Kuna mwandishi wa gazeti hapa, dada mmoja asiyechoka, ameandika kuhusu viwanda vya kampuni katika nchi za mbali. Baada ya hapo watu wakaanza kusimama mbele ya maduka yetu kila Jumamosi wakiwa wamejivika buti shingoni kwa kamba. Hawapigi kelele, wanasimama tu, na wanunuzi wanapita upande wa pili wa barabara. Kisha walimu wastaafu. Pensheni yao imewekwa kwenye hisa za kampuni hii, nao wamekutana ukumbini wakasema hawataki kuzeekea kwenye vifua vya watu wengine. Na bunge lao limepitisha sheria: kampuni ikijua watu wake wa mbali wanaumia na ikakaa kimya, itapelekwa mahakamani hapahapa nyumbani.

Kwa hiyo wakubwa wangu wanahangaika. Mkuu wa kitengo chetu ni mama mmoja mrefu, mnyoofu, sisi kwa siri tunamwita Rula. Zamani aliingia saa tatu. Sasa namkuta yupo tayari, kahawa imepoa, anasoma gazeti kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha ya waliofeli. Mabango yenu yalitoka kwenye hofu hiyo. Waliyachapisha kwa siku mbili. Nilipouliza mbona hayajatafsiriwa, nikaambiwa picha inatosha.

Mjomba, nakuomba. Fomu zikija, kila mtu aandike kama ilivyo. Kama chumba kina tatizo, liandikwe. Safari hii kuna watu wa kuzisoma.

Mpwa wako,
Kasuku

*

Tarehe 30 Machi

Kwako Kasuku,

Mama yako ameshinda! Mtoto wa kike, tarehe ishirini na mbili, na tangu siku hiyo anatembea hapa nyumbani kama aliyemzaa ni yeye. Binamu yako hajambo, ana njaa tu.

Fomu tumeshajaza na zimeondoka. Zimekaa vizuri, usiwe na wasiwasi. Chumba changu hakina doa hata moja. Hewa nzuri, milango wazi, mapumziko yapo, barakoa zipo. Najua utakunja uso, basi ngoja nikueleze jinsi tunavyoishi.

Wageni wakitangazwa kuja, siku moja kabla tunapaka rangi ukuta wa mbele. Asubuhi yake tunakwenda ofisi ya uhasibu, tunachukua zile feni nne kubwa za kusimama, tunazipanga kwenye chumba cha gundi. Mimi mwenyewe ndiye ninayezibeba. Wageni wanaingia, nywele zinawapepea, wanatikisa kichwa, wanaondoka. Gari likishatoka getini, feni zinarudi kwa wahasibu, nao hununa kwa kuwa wameshinda na joto. Tunaziita feni za wageni. Hata wewe nyumbani kwako, mtu akibisha hodi unasukuma vyombo vichafu chini ya meza. Hiyo ni adabu, si uongo.

Hatujambo wote. Mimi sina

*Mwanangu, mimi mama yako. Nimempokonya kalamu alipokwenda kufungua mlango. Mjomba wako anakohoa tangu mwaka jana. Siku hizi halali chali, analala ameegemea ukuta na mito mitatu. Ukimuuliza atasema ni vumbi. Anarudi huyu.*

neno lolote la kuongeza. Mama yako anakusalimu, kumbe ameshakusalimu.

Mjomba wako

*

Tarehe 2 Mei

Mjomba, shikamoo.

Mpe binamu pongezi zangu, na kifurushi kinakuja, soksi sita ndogo na moja kubwa ambayo ni kosa la dukani. Mtoto ataikuta akikua.

Nimeshindwa kuianza barua hii mara tatu. Fomu zimefika. Zote zimeletwa mezani kwangu nizitafsiri. Nimetafsiri za chumba cha soli, nimetafsiri za chumba cha kushonea. Jana nikafika chumba cha gundi.

Nani aliyenifundisha kuandika, mjomba? Nani aliyenikalisha jikoni nina miaka mitano, akanishika mkono mpaka herufi ya g ikakubali kupinda mkia? Fomu thelathini na moja, na wewe umeinamisha mwandiko kushoto kwenye kumi, ukaulaza kulia kwenye kumi nyingine, zilizobaki ukachoka ukaandika kama kawaida yako. Mkia wa g ni uleule kwenye zote. Nilikaa nao mezani sikujua nicheke au nilie. Nikalia.

Mwisho wa kila fomu kuna kisanduku ninachotakiwa kujaza mimi: je, majibu haya yanaonekana kutoka kwa mfanyakazi mwenyewe? Sijakijaza. Nikiandika ndiyo, chumba chako kitabaki kama kilivyo, kwa sababu kwenye karatasi hakina shida. Nikiandika hapana, sijui watafanya nini. Kuna jambo jingine nililotia sahihi kwamba sitalitaja nje, na sitalitaja.

Najua kuhusu mito mitatu. Usimgombeze mama.

Niambie nifanye nini. Rula anataka kazi yote tarehe moja Juni. Nitakusubiri mpaka siku hiyo.

Kasuku

*

Tarehe 21 Mei

Kwako mpwa wangu,

Barua yako imechukua siku kumi na tisa njiani. Naijibu leoleo.

Ni vumbi.

Na kile kisanduku, andika ndiyo. Nakuomba kama mjomba wako, na mimi si mtu wa kukuomba kila siku. Hukuwapo hapa kilipofungwa kile kiwanda cha mikoba cha barabara ya pili. Gazeti la kwao liliandika, watu wa kwao wakakasirika kwa niaba yetu, na kampuni ikaona njia rahisi ya kumaliza aibu ni kuondoka. Jumanne asubuhi watu walikuta geti lina kufuli. Hakuna aliyekuwa ameumwa kifua siku hiyo, lakini hakuna aliyekuwa na kazi. Waliotuhurumia wakaacha kuandika, maana hapakuwa na kiwanda tena cha kuandika habari zake.

Fomu zilipokuja, watu wangu walikaa nazo siku nne bila kugusa kalamu. Si kwamba hawajui kuandika. Kila mtu aliogopa fomu yake iwe ndiyo iliyofunga geti. Yule mama wa meza ya tatu, tunayemwita Bi Kimya kwa kuwa miaka kumi na moja hajawahi kulalamika, ndiye aliyeniletea ya kwake akasema, "Msimamizi, andika wewe. Likiharibika liwe mkononi mwako." Nikaandika yake. Kisha wakaja wote.

Kwa hiyo niache nilibebe hili. Kukohoa nimekuzoea. Kuwatazama watu thelathini na mmoja wamesimama nje ya kufuli, sitakuweza.

Mjomba wako

*

Tarehe 12 Juni

Mjomba, shikamoo.

Naandika nikiwa mzima, na natumaini nyumba nzima hamjambo, na mtoto anaongezeka. Sina salamu nyingine.

Barua yako imefika tarehe tano. Nilikuwa nimeshasema tarehe moja.

Nilisubiri mpaka saa kumi jioni, tarishi alipomaliza kupita. Kisha nikaingia kwa Rula na zile fomu, nikamwambia, "Hizi zimeandikwa na mtu mmoja. Ni mjomba wangu. Aliyenilea." Akaniuliza kama mjomba wangu ni mwongo. Nikamwambia hapana, ni mtu anayewaogopa ninyi kuliko anavyoiogopa gundi. Akavua miwani akaifuta, na haikuwa na uchafu.

Wameniondoa kwenye kazi hiyo kwa sababu ya undugu, na ni haki yao. Sasa natafsiri vikaratasi vya kueleza namna ya kufunga kamba za buti. Sijafukuzwa. Na kwa kuwa siko tena kwenye kazi ile, na lile jambo nililolificha limeshatangazwa kwetu wote, naweza kulisema: kufunga kiwanda chenu kulikuwa mezani tangu Februari. Kabla ya fomu zako, mjomba. Kuna wanaotaka kufunga kwa sababu ya gazeti, na kuna mbunge wao anayesema buti zishonwe hapahapa ili vijana wake wapate kazi. Fomu safi zisingewazuia. Zingewapa sababu tu, wangesema kwenye kiwanda hiki hata ukweli haupatikani, tuondoke.

Lakini sheria yao ina kifungu ambacho wewe na mimi hatukukijua. Kukimbia bila kujaribu kurekebisha nako ni kosa. Mwanasheria wao alikisoma kwa sauti kwenye kikao, na Rula akasema, "Basi tukaone." Sijui watakuja lini. Najua tu kwamba hawatatoa taarifa.

Nimekukosea kwa kutokusubiri. Sijakukosea kwa kusema.

Kasuku

*

Tarehe 19 Agosti

Kwako Kasuku,

Mtoto amekaa bila kuegemezwa. Goti la mama yako limeanza tena. Soksi zimefika, ile kubwa binamu yako ameiwekea vifungo.

Nilikasirika. Barua yako niliisoma nikaikunja nikaiweka chini ya godoro, na kila nikitaka kujibu naona maneno yanayonijia si ya kumwandikia mtoto wa dada yangu. Mama yako alinisemesha siku moja moja, zilizobaki akaninunia. Basi nilitulia mpaka hasira ikachoka yenyewe.

Walikuja Alhamisi. Watatu, bila gari la kiwanda, walishuka kwenye teksi getini kama watu wanaotafuta choo. Mmoja alishika kifaa cha kupimia hewa, kidogo kama redio. Mwingine alikuwa mtafsiri, kijana anayeongea kama kitabu. Wa tatu mama mrefu, nilimjua kabla hajatajwa.

Meneja aliponiona alininong'oneza, "Feni! Kachukue feni!" Nikakimbia. Miaka kumi na tisa mguu wangu unajua njia ya uhasibu. Nilipotokea nimebeba ya kwanza, yule mama mrefu alikuwa amesimama katikati ya korido, akaniangalia, akasema kitu, na mtafsiri akanieleza, "Anaomba uirudishe ulikoitoa."

Nikairudisha. Nilipoingia chumbani kile kifaa kilikuwa kinalia. Watu wangu wameinamia meza, hakuna anayeinua kichwa. Mtafsiri akaniuliza, "Mzee, kila siku huwa hivi?"

Meneja alikuwa nyuma yao ananitolea macho. Nikamwangalia Bi Kimya, naye kwa mara ya kwanza alikuwa ananiangalia mimi. Mpwa wangu, nilikuwa na jibu tayari mdomoni, lile la siku zote. Kikohozi kikaniwahi. Nilikohoa mpaka nikashika meza, na nilipomaliza nikaona nitakuwa kichekesho kusema hewa ni nzuri.

Nikasema, "Kila siku. Na zile fomu niliandika mimi, hawa hawana kosa."

Halafu Bi Kimya akaweka brashi yake chini, akasema, "Mimi kichwa kinaniuma tangu mwaka wa pili." Baada ya hapo sikuweza kuhesabu. Walisema wote, mtafsiri akawa anapanguza jasho, anaandika, anaomba wapokezane. Saa mbili nzima! Kumbe walikuwa wameyatunza yote.

Waliondoka jioni. Tangu Alhamisi kila mtu anapita mbele ya geti polepole kabla ya kuingia, kuangalia kama kuna kufuli. Na mimi pia. Usiku huwa nafikiri, nikishaamka huwa nafikiri tena. Ukisikia lolote, niandikie hata mstari mmoja.

Na hukunikosea.

Mjomba wako

*

Tarehe 15 Septemba

Mjomba, shikamoo, na shikamoo nyingine ya juu yake.

Hakuna kufuli.

Nimeanza na hilo ili mama asisubiri. Kikao kilikuwa kirefu. Yule mbunge aliandika barua kali, na wenye hisa wengine walitaka kuondoka kabla ya mwaka kuisha. Rula akaweka mezani vipimo vya kile kifaa na maneno ya watu wako, akasema, "Tukifunga wiki hii, gazeti la wiki ijayo litasema tulisikia tukakimbia." Walimu wastaafu nao wakatuma neno kwamba hisa zao zinabaki endapo watu wa chumba cha gundi wanabaki. Nimekaa nikiwaza jinsi watu wasiojuana wanavyoweza kushikana mikono bila kukutana. Wewe hukuwajua hao walimu. Nao wanajua tu kwamba kuna mtu alikohoa.

Si yote mazuri. Aina moja ya buti inahamishiwa hapa ili mbunge anyamaze, na chumba cha kushonea kitapunguziwa saa. Naona nikuambie mimi kabla hamjatangaziwa. Lakini gundi itabadilishwa, feni zinajengwa ukutani, na kila mtu wa chumba chako atapigwa picha ya kifua. Nenda siku ya kwanza, mjomba. Usimpishe mtu kwa adabu.

Nimerudishwa kwenye kazi yangu. Rula alinipitia mezani akaniuliza herufi ya g ya kwetu inaandikwaje. Nikamwonyesha.

Kasuku

*

Tarehe 24 Novemba

Kwako mpwa wangu Kasuku,

Hatujambo sote, na safari hii ukiona nimeandika hatujambo, amini. Picha ya kifua nimepigwa. Daktari anasema mapafu yamechoka lakini hayajafa, nimepewa dawa ya kuvuta, na mito imebaki miwili. Mama yako ameuchukua wa tatu akauweka chini ya goti. Watu wanne wa chumba changu wamehamishiwa ghala, huko hakuna gundi. Chumba cha kushonea wananung'unika kwa zile saa, na wana haki. Tumekubaliana kwenda kwa meneja pamoja, vyumba vyote, jambo ambalo zamani tungeliogopa hata kuliota.

Sasa nikupe ya Jumatatu.

Kuna utaratibu mpya. Mtu yeyote akiona hewa imeharibika anaruhusiwa kusimamisha kazi, na msimamizi anatia sahihi karatasi. Tuliusikia, tukaitikia, hakuna aliyeuamini. Jumatatu saa nne feni moja ya ukutani ilikoroma ikazima. Tuliendelea. Ndivyo tulivyozoea. Dakika kama kumi hivi zikapita, Bi Kimya akainua mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Simamisheni."

Brashi zote zikasimama hewani. Meneja akaja mbio: shehena inaondoka kesho, maduka ya kwao yanasubiri, hatuwezi kuvumilia saa moja tu? Akaniangalia mimi. Watu ishirini na saba wakaniangalia mimi. Nikachukua ile karatasi, nikaandika sababu, nikatia sahihi. Tukatoka nje wote, tukakaa kwenye ukuta wa maegesho, juani, saa za kazi. Hakuna aliyejua aweke wapi mikono.

Meneja alibaki mlangoni akapiga simu huko kwenu, amekunja uso, mimi nimesimama karibu nikisubiri jina langu litajwe. Akasikiliza. Uso ukambadilika. Akafunika simu kwa kiganja, akanisogelea sikioni kwa sababu ananijua mimi na masikio yangu.

"Wanauliza kama watu wote wametoka."

Nikamwambia arudie. Akarudia.

Miaka kumi na tisa, simu kutoka huko ilikuwa na swali moja tu, buti zinaondoka saa ngapi. Niligeuka nikawahesabu pale ukutani, kichwa kwa kichwa, nikarudia kuwahesabu kwa kuwa macho yalikuwa na maji.

"Mwambie wote," nikasema. "Na msimamizi wao."

Mjomba wako